Deni la Benki na Imla ya Mdaiwa

Swali ninalokusudia kulijadili ni kongwe kuliko mabenki yote ya dunia, nalo ni hili: mtu akidaiwa fedha ambazo hakumbuki kuzikopa, au alizikopa kweli lakini hesabu anayoletewa haimwelei, je, ucha Mungu wamtaka alipe upesi ili aitue dhima, au wamtaka asimame mahali pake adai bayana? Watu wengi wa pwani yetu, waliolelewa katika khofu ya kufa na deni shingoni, hujibu bila ya kusita kuwa kulipa ndiko kuliko salama, kwa sababu fedha hupatikana tena lakini akhera hairudiwi. Na jibu hilo, ingawa limetoka katika nyoyo njema, mimi silikubali, na wala sioni kuwa dini yenyewe inalikubali.

Khofu hiyo, hata hivyo, haikuzuka bure. Kila aliyekaa barazani au msikitini amesimuliwa habari ya jeneza lililoletwa mbele ya Mtume, naye akauliza kama marehemu ameacha deni, na alipoambiwa kuwa ameacha dinari chache zisizokuwa na cha kuzilipia, akawaambia masahaba wamsalie wenyewe, mpaka Abu Qatada alipojitokeza akachukua dhamana ya deni lile. Na kila aliyerithi anajua kuwa mali ya maiti haigawanywi kabla madeni hayajalipwa, na kwamba wasia wenyewe husubiri nyuma ya deni. Haya ni kweli tupu. Lakini mawaidha yetu yana tabia ya kuikata hadithi katikati: ni nadra kusikia sehemu ya pili, kwamba baadaye, hazina ya Waislamu ilipokunjuka, Mtume alitangaza kuwa atakayekufa na deni bila ya mali, deni lake ni juu yake yeye Mtume, na ni nadra zaidi kukumbushwa kuwa miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahiki zaka, fungu moja ni la wenye madeni. Dini iliyomtisha mkopaji mzembe ndiyo hiyo hiyo iliyomwekea mdaiwa fungu katika mali ya umma. Mwenye kutangaza nusu ya kwanza na kuinyamazia ya pili humsaidia mdai kuliko anavyomsaidia mdaiwa kumcha Mungu.

Sasa natuliangalie deni lenyewe ninalolizungumzia, kwa maana si kila deni lina sura moja. Mkopo wa kawaida una siku yake, kiasi chake na sahihi yake, na mkopaji hukumbuka hata shati alilovaa alipokwenda kuuchukua. Ovadrafti haina siku. Ni deni linalozaliwa pale salio la akaunti linapopita sifuri kwenda chini, kwa hawala, kwa hundi, kwa makato, wakati mwingine bila ya mwenye akaunti kuwa na habari. Mwanzo wake ulikuwa wa heshima: mwaka 1728, katika mji wa Edinburgh, benki changa iliyoitwa Royal Bank of Scotland ilimruhusu mfanyabiashara William Hogg kutoa pauni 1,000 zaidi ya akiba yake, kwa sababu wateja wake walichelewa kumlipa ilhali yeye alikuwa na wa kuwalipa. Aliomba mtu, akaridhia mtu, wakafahamiana. Karibu karne tatu baadaye jambo hilo limeshuka mpaka katika simu ya mama mboga, maana tangu Januari 2019 Wakenya wana ovadrafti ndani ya M-Pesa, ile ya Fuliza, na yupo anayeitumia kununua unga asubuhi na kuilipa jioni. Huyo angalau anajua kuwa anakopa. Shughuli yangu hapa ni na yule asiyejua.

Tuchukue mfano wa mwenye kibanda katika soko la Kongowea, Mombasa, aliyefungua akaunti, akaitumia mwaka mmoja, kisha akahamia benki nyingine bila ya kuifunga ile ya kwanza, akaacha ndani yake shilingi 150. Ada ya kuendeshea akaunti ni shilingi 200 kwa mwezi. Mwezi unaofuata karatasi ya hesabu ina mstari mmoja tu: tarehe, neno la ada, 200 katika safu ya zinazotoka, na katika safu ya mwisho, ya salio, 50 na herufi mbili, DR, zinazomaanisha kuwa tangu usiku ule mwenye akaunti amegeuka mdaiwa. Hakuna aliyekopa wala aliyekopesha. Hakuna shilingi iliyotoka dirishani. Miaka mitatu ikipita, ada peke yake imelifikisha deni lile shilingi 7,050, na juu yake hupandishwa riba ya ovadrafti isiyoombwa, na juu ya riba adhabu ya kuchelewa, na mwishoni barua ya wakala wa kukusanya madeni, yenye vitisho vya mahakama na malipo ya wakala mwenyewe. Barua hiyo haitaji ada. Yataja mkopo.

Hapo ndipo ninapotaka kuileta aya ya deni, ya 282 katika Sura Al-Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Kurani, na inashangaza kuwa urefu huo haukutumika kueleza mbingu wala moto, bali kueleza namna ya kuandika hesabu. Yaamuru deni la muda liandikwe. Kwamba mwandishi awe mtu wa kati, aandike kwa uadilifu. Kwamba wawepo mashahidi. Kwamba watu wasichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Na kwamba mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Wanavyuoni wengi walisema amri hiyo ni ya kupendekeza, si ya kulazimisha, na sina haja ya kushindana nao. Ninachokitazama ni jambo moja tu ambalo msomaji wa haraka hulipita: anayepewa kazi ya kutoa imla, yaani ya kumtajia mwandishi ni kiasi gani na kwa muda gani, si mdai. Ni mdaiwa. Mwenye haki juu yake ndiye asemaye, naye ameonywa amche Mungu asipunguze kitu. Na kama akili yake ni dhaifu au hawezi kusema, basi walii wake aseme badala yake kwa uadilifu.

Kwa nini mdaiwa, ambaye ndiye mwenye kishawishi cha kupunguza? Jawabu walilolitoa wafasiri ni jepesi na lina nguvu: kwa sababu imla yake ni ikirari, na ikirari ya mtu juu ya nafsi yake ndiyo hoja iliyo bora kuliko zote, ilhali maneno ya mdai juu ya mtu mwingine ni madai tu, hata yakiandikwa kwa wino wa dhahabu. Deni halizaliwi kwa kauli ya anayelitaka. Linazaliwa kwa jambo lililotendeka, na linathibiti kwa kukiri kwa aliyelitenda au kwa ushahidi wa wengine wasiokuwa na fungu ndani yake. Uiweke kanuni hii karibu na karatasi ya yule mtu wa Kongowea, na utaona kuwa benki imekusanya vyeo vyote vinne mkononi mwake: ndiyo mdai, ndiyo mwandishi, ndiyo mtoaji imla, na siku ya kesi ndiyo shahidi. Sisemi kuwa kwa hiyo ni mwongo. Makarani wengi wa benki ni watu wa insafu, na mashine zao hazikosei kujumlisha kama nikoseavyo mimi. Nasema tu kuwa maandishi yaliyopatikana kwa njia hiyo si yale ambayo aya iliyaita ya haki zaidi na ya kuondoa shaka.

Benki itajibu, na jibu lake lina uzito: ulipofungua akaunti ulitia sahihi masharti, na masharti yalitaja ada, riba na adhabu, imla yako ndiyo ile sahihi. Hapa twaingia katika mas-ala ya ridhaa, ambayo yamewashughulisha mahakimu wakubwa. Huko Uingereza, ambako tuliipata sehemu kubwa ya sheria zetu za mikataba, mamia ya maelfu ya watu walidai warejeshewe gharama walizotozwa kila walipopitisha akaunti zao, na shauri la Ofisi ya Biashara ya Haki dhidi ya Abbey National na wenzake saba likafika Mahakama ya Juu. Tarehe 25 Novemba 2009 mahakama ikaamua kuwa gharama zile ni sehemu ya bei ya huduma nzima ya akaunti, na kwamba kanuni za mwaka 1999 juu ya masharti ya dhulma hazikuruhusu bei kupimwa kama inalingana na kinachonunuliwa. Watu wakaondoka mikono mitupu. Mahakimu siwalaumu, kwani waliulizwa swali jembamba wakalijibu, na wenyewe walitanabahisha kuwa hawakuulizwa kama gharama zile ni za haki. Lakini ndilo swali ambalo dhamiri haiwezi kulikwepa, na hata serikali haikuweza kulikwepa daima, maana mwezi wa Aprili 2020 msimamizi wa mambo ya fedha wa huko alipiga marufuku ada maalumu za ovadrafti zisizopangwa na kuyaamuru mabenki yatoze riba moja iliyo wazi, isiyozidi kwa asiyeomba kuliko kwa aliyeomba. (Mabenki mengi makubwa yakaipandisha riba hiyo mpaka karibu asilimia 40 kwa mwaka, mwenye kuuza giza akinyimwa giza hupandisha bei ya mwanga.)

Sahihi, basi, ni dalili ya ridhaa, wala si ridhaa yenyewe. Aliyetia sahihi kurasa ishirini za herufi ndogo, katika lugha asiyoimudu, karani akimwonyesha kwa kidole mahali pa kuandika jina, ameridhia kuwa na akaunti. Kuwa ameridhia kila kijisharti kilichomo ni madai mengine, nayo yana haja ya kuthibitishwa. Mafakihi walikuwa na neno la gharari kwa akdi ambayo mmoja hajui anachojifunga nacho, nao hawakuipenda.

Kanuni ya kuthibitisha haina tofauti baina ya kadhi na jaji, na hilo ndilo linalonifurahisha kuliko yote katika jambo hili. Bayana ni juu ya mdai, na yamini ni juu ya mkanushaji: hii ni kanuni ya Mtume, na Umar aliitaja katika waraka mashuhuri kwa kadhi wake Abu Musa al-Ashari. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya chasema mambo hayo hayo kwa maneno ya Kizungu, kwamba atakaye mahakama iamue haki kwa kutegemea jambo fulani, na alithibitishe jambo hilo. Na kabla ya sheria hiyo, mahakama zetu za Kenya na Tanganyika zilitumia Sheria ya Ushahidi ya Uhindi ya mwaka 1872, ambayo kifungu chake cha 34 kilikubali daftari za biashara ziletwe mbele ya hakimu, lakini kikaongeza kuwa daftari peke yake halitoshi kumtwika mtu deni. Walioitunga waliijua nchi ya wakopeshaji na wakulima. Wazee wa Unguja na Pemba nao waliijua, waliokuwa wakiweka mashamba ya karafuu kwa njia ya bei khiyari, mauzo ya jina tu yaliyofichama rehani ndani yake, kisha wakaonyeshwa madaftari wasiyoweza kuyasoma. Na mwisho wa mambo hayo ulikuwa mashamba mengi kuhama mikono, hata serikali ya kikoloni katika miaka ya 1930 ikalazimika kuingilia madeni yale kwa dikrii.

Mwenye kuniambia kuwa ni wema kulipa bila ya kuuliza namjibu kwa mfano wa wasii. Mtu amekufa, ameacha mayatima, na wewe ndiwe msimamizi wa mali yao. Anakuja mtu na karatasi aliyoiandika mwenyewe, anadai laki moja. Je, utampa? Ukimpa bila ya bayana, wewe ndiwe mdhamini, na utazilipa kutoka mfukoni mwako; na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya pwani hii, mwenye kumdai maiti hatosheki kwa mashahidi peke yao, bali huapishwa pia, kwa sababu maiti hawezi kujitetea. Ikiwa sharia imeilinda mali ya watoto wa marehemu namna hiyo, sioni kwa nini mali ya watoto wa aliye hai, karo yao na chakula chao, itolewe kwa barua moja ya wakala, eti kwa ucha Mungu. Kuuliza si kukana. Asemaye "nionyesheni hesabu, na nikiona ni kweli nitalipa" hajamdhulumu mtu, na akifa katika kuuliza kwake, natumai kuwa amekufa akitafuta haki.

Sheria ya Kenya imempa huyo muulizaji silaha zaidi ya anavyodhani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 chamhakikishia mlaji habari zinazohitajika ili afaidike na huduma. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki, kinachotumika tangu Mei 2007, chaizuia benki kudai riba inayozidi lile deni la asili lililokuwapo siku mkopo ulipokufa, yaani ulipoacha kulipwa: aliyekuwa na 100,000 siku ile hawezi kudaiwa zaidi ya 200,000, ukiondoa gharama halali za kukusanya, hata miaka ikipita kumi. Sheria hiyo ina asili ya Kirumi, na kila niisomapo hukumbuka aya ya 130 ya Sura Aal Imran, iliyokataza riba ya kuzidishwa maradufu. Sheria yetu imeweka ukuta mahali pale pale ambapo aya iliona dhulma imekwisha kukomaa, lakini ukuta ni bora kuliko uwanda mtupu. Tena, mwenye jina lililopelekwa katika ofisi za taarifa za mikopo ana haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka, na kupinga lisilo kweli. Tanzania nayo ina kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, zenye mlango wa malalamiko.

Nimesimama na mdaiwa mpaka hapa. Sasa sharti nimwambie neno asilolipenda. Sheria zetu, Kenya na Tanzania, humzuia mdai wa mkataba kwenda mahakamani baada ya miaka 6. Wapo waliofanya muda huo kuwa maficho: anajua amekopa, anajua kiasi, ana uwezo, naye anahesabu miezi. Mbele ya jaji atashinda. Lakini Mejelle, ile sheria ya Dola ya Uthmani ya karne ya kumi na tisa, ilifunga masikio ya mahakama kwa madeni ya miaka 15, kisha katika kifungu cha 1674 ikatamka kuwa haki haipotei kwa kupita zamani. Na sheria ya Kiingereza kwa jumla hufuata rai hiyo, kwamba dawa imekufa lakini deni li hai, ilhali Waskochi, kwa miaka 5 tu, hulifuta deni lenyewe. Kwa dhamiri mimi nawafuata wa Mejelle. Muda huwalinda watu na ushahidi uliochakaa, risiti zilizoliwa na mchwa, mashahidi waliokufa. Haumlindi na Mungu mtu ambaye ushahidi wake u mzima moyoni. Na tajiri acheleweshaye kulipa, Mtume amemwita dhalimu. Vivyo hivyo kwa ambaye amekopa kwa riba akijua ni riba, kisha siku ya kulipa ndipo akumbukapo uharamu wake: na atubu, na safari nyingine aende katika mabenki ya Kiislamu yaliyopo Kenya tangu 2008, lakini asiliite utata wa hesabu jambo ambalo ni majuto.

Na kwa benki nina ombi moja, la aya ya 280, inayotangulia ile ya deni kwa hatua chache: mdaiwa akiwa katika dhiki, apewe muhula mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Watasema benki si sadaka. Kweli, lakini shilingi 7,050 zilizozaliwa na ada ya akaunti isiyotumika, kuzifuta si sadaka, ni kusahihisha daftari.

Basi wewe uliyeletewa barua, usinyamaze na usikimbilie kulipa. Andika kwa utulivu kuwa unataka nakala ya mkataba uliotia sahihi, karatasi za hesabu tangu siku ya kwanza, na maelezo ya kila ada na riba; usiandike neno la kukiri wala usitoe malipo ya kupunguza kabla hujaziona, kwa maana kukiri kwa maandishi au kulipa sehemu huweza kuuanzisha muda upya. Peleka mwenyewe, ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na wasipokujibu upeleke nakala hiyo Benki Kuu. Hesabu ikija, kaa nayo na mtu unayemwamini, mstari kwa mstari. Utakachokiona ni chako, kilipe chote. Usichokiona ni chako, sema hivyo, na usione haya.